RenderDoc: kunasa fremu kwa amri badala ya kidole

RenderDoc, zana huria ya kukagua jinsi programu inavyochora kila fremu, yaani kila picha moja inayopelekwa kwenye skrini, iliyoanzishwa na Baldur Karlsson na kutolewa kwa leseni ya MIT, wengi wanaijua kwa dirisha lake: unaanzisha programu yako humo, unabonyeza F12, na fremu iliyonaswa inahifadhiwa katika faili la .rdc, ambamo kila amri ya kuchora inaweza kukaguliwa hatua kwa hatua. Utaratibu huo unatosha kwa kasoro isiyoondoka. Yangu ilikuwa kivuli kilichopotea kwa fremu moja tu na kurudi kabla kidole hakijagusa kitufe, hivyo ikanilazimu kutafuta namna ya kunasa bila mkono wa mtu.

Nilianza na renderdoccmd, inayoendeshwa kwenye terminali. Amri yake ya capture hupokea -c kwa ajili ya jina la faili na -w ili isubiri hadi programu ifungwe. Jina la capture, kwa maoni yangu, linaahidi mengi kuliko linavyotenda, kwani amri huanzisha programu ikiwa tayari kunaswa lakini haichagui fremu. Nilitazama folda tupu asubuhi nzima kabla ya kusoma maelezo, jambo ambalo ningepaswa kulifanya kwanza.

Kilichonifaa ni kiolesura kinachoitwa kutoka ndani ya programu yenyewe, kupitia faili la renderdoc_app.h. Programu huangalia kwanza kama maktaba ya RenderDoc imeshapakiwa; isipokuwepo, msimbo haufanyi lolote, kwa hiyo unaweza kuachwa humo bila madhara. Ikiwepo, TriggerCapture hunasa fremu inayofuata, ilhali StartFrameCapture na EndFrameCapture huzingira kazi yoyote unayoitaka. Jozi hiyo ndiyo tegemeo la programu zisizo na dirisha, kwa sababu kwa kawaida mpaka wa fremu huhesabiwa pale picha inapopelekwa kwenye skrini, na programu hizo hazifiki hapo kamwe.

Kwa kuwa kunasa lazima kuanze kabla fremu haijachorwa, jaribio langu huendeshwa mara mbili kwa data ile ile: mara ya kwanza picha hulinganishwa na picha za rejea ili kupata namba ya fremu yenye kasoro, na mara ya pili TriggerCapture huitwa fremu moja kabla ya hiyo. Asiyeweza kugusa msimbo wa programu anaweza kuiendesha RenderDoc kwa lugha ya Python, ambako QueueCapture hupokea namba ya fremu moja kwa moja. Sharti moduli ya RenderDoc iwe imejengwa kwa toleo la Python analotumia, la sivyo haitapakia.

Faili za .rdc ni nzito, kwani hubeba pia hali ya awali ya rasilimali ambazo fremu inazihitaji, hivyo ninahifadhi chache na kuzichuja kwa renderdoccmd thumb, inayotoa picha ndogo ya kila moja. Vilevile, fremu ya programu inayochora kwa Vulkan, kiolesura cha kuiamuru kadi ya michoro, iliyonaswa kwenye kadi moja ya michoro haina hakika ya kufunguka kwenye kadi nyingine. Ndiyo maana mashine ya majaribio ninaiachia renderdoccmd remoteserver, na fremu ninazikagua kutoka mezani kwangu zikichorwa upya kwenye kadi ile ile iliyozinasa.