Fundi aliniambia "imeenda"

Naandika haya nikiwa bado na hasira, na sitaki zipoe kabla sijamaliza. Jina la kampuni iliyotufungia seva ya baruapepe ofisini, yaani mashine ya kutuma, kupokea na kuhifadhi barua zetu, silitaji. Msiwaite. Hilo ndilo jibu fupi. Refu linafuata, na huenda likapinda njiani, kwa sababu kwao yuko mtu mmoja ambaye siwezi kumdhulumu.

Sisi ni ofisi ndogo ya kutoa mizigo bandarini, watu tisa, ghorofa ya pili, si mbali na Mwembe Tayari, Mombasa. Kazi yetu ni karatasi. Hati ya shehena yatoka kwa mteja, sisi twaipeleka kwa wakala wa meli, dilivari oda, yaani kibali cha kuchukua mzigo, yarudi, ushuru walipwa, lori laingia. Zamani makaratasi hayo yalibebwa na vijana kwa miguu, Barabara ya Nkrumah hadi Kilindini, jua la saa saba likiwapasua vichwa. Siku hizi ni baruapepe. Barua ikikawia siku moja, kontena limelala bandarini, na kontena likilala kuna mtu analipa.

Mzee wetu ndiye aliyetaka seva. Sanduku la barua tulilokuwa tukikodi lilikuwa likijaa kila baada ya muda, tukawa twafuta barua za wateja ili mpya ziingie. Tena intaneti ikikatika, watu wawili waliokaa meza jirani hawawezi kutumiana faili. Akasema barua za nyumba hii zikae ndani ya nyumba hii. Sikupinga, na hata leo sipingi. Nyaya za intaneti za baharini, TEAMS na SEACOM, ziliingilia hapa hapa Mombasa mwaka 2009, EASSy ikafuata 2010. Sioni kwa nini ofisi iliyo hatua chache kutoka bahari hiyo ishindwe kutuma barua Kampala.

Fundi alikuja kabla ya Ramadhani kidogo. Kijana mdogo, mwepesi wa mikono, na haki yake nitampa. Kwa siku mbili alikuwa ameshapanga nyaya zote zilizokuwa zimejisokota kama utumbo kwenye chumba cha mafaili. Akaweka Debian, mfumo wa kuendeshea mashine, juu yake Postfix ya kutuma na kupokea, Dovecot ya kuwawezesha watu kusoma barua zao, na Roundcube ya kufungulia barua kwenye kivinjari. Cheti cha Let's Encrypt, cha kuzuia barua zisisomwe njiani, hudumu siku 90 tu, naye alikiseti kijihuishe chenyewe. Programu hizo zote ni za bure. Tulicholipia ni mashine na jasho lake. Mpaka hapo sina neno.

Kisha akafanya jaribio. Akaniambia, "Madam, mtumie mwenzako." Nikamtumia karani aliyekaa dirishani. Ikafika kabla sijainua kichwa. "Umeona? Imeenda." Akatoa simu yake, akatuma barua kwetu kutoka nje, ikaingia. "Na hii imekuja." Akachukua sahihi ya mzee, akafunga mkoba, akaondoka.

Nataka msomaji alishike jaribio hilo vizuri, maana mkasa wote umo ndani yake. Barua ya kutoka meza yangu hadi meza ya dirishani haitoki ofisini hata hatua moja. Postfix huona mpokeaji yumo humu humu, humtilia sandukuni, basi. Haijabisha hodi mlango wa mtu yeyote huko nje. Na ile aliyoituma kwa simu ilithibitisha kwamba twaweza kupokea. Kutuma nje hakukujaribiwa hata mara moja. Ni kama mtu kuijaribu ngalawa mchangani, kisha akakwambia panda tuvuke.

Jumatatu tukaanza kazi. Barua zaingia vizuri, wateja watuuliza mambo yao, sisi twajibu, majibu yakaa kwenye folda ya zilizotumwa. Hakuna anayetujibu tena. Siku ya kwanza nikadhani watu wana shughuli. Jumatano akapiga simu mteja wetu wa Kampala, mwenye kontena la vigae, mtu mpole ambaye kwa miaka yote hiyo sijawahi kumsikia akipaza sauti. "Mama, nimewaandikia mara tatu. Mbona mwaninyamazia?" Nikamwambia tumemjibu zote tatu, ya kwanza Jumatatu asubuhi. Akanyamaa kidogo, akasema, "Sijapata hata moja." Nilijua kwa sauti yake kwamba hakuniamini. Nilitahayari. Katika kazi hii mtu akishakuona mwongo, hata ukimtolea mzigo bure hatarudi na moyo ule ule.

Nikampigia fundi. "Kwangu inaonyesha imeenda." Alhamisi nikampigia tena. "Imeenda, madam. Labda wao ndio hawafungui."

Ijumaa akaja mwenyewe, saa za watu kujitayarisha kwenda msikitini, makarani wote wamo. Hakuketi. Aliinama juu ya bega langu, akautoa mausi chini ya mkono wangu bila kuuliza, akafungua folda ya zilizotumwa, akaigonga skrini kwa kalamu, ko, ko, ko. "Mamangu, hii ni nini? Si zilizotumwa? Seva haina shida. Shida ni mtumiaji. Mambo ya seva yaachieni wenyewe." Karani mmoja akacheka. Simlaumu, ni mtoto. Lakini nasikia mlio wa kalamu ile kwenye kioo mpaka leo.

Nimefanya kazi hii miaka 22. Nimetoa mizigo enzi za faksi, na faksi, pamoja na uzee wake, ilikuwa ikikutolea kikaratasi cha kukwambia imefika au haikufika. Sikuuliza swali la kijinga. Niliuliza swali lile lile ambalo mashine ya zamani ilikuwa ikilijibu yenyewe. Kuuliza si ujinga, na mtu anayelipwa kujibu hana ruhusa ya kunivunjia heshima mbele ya watoto ninaowafundisha kazi.

Jumamosi asubuhi barua zikaanza kurudi. Moja. Tatu. Kumi na moja. Kila moja mtumaji wake MAILER-DAEMON, na ndani yake ni majibu yetu ya Jumatatu, vile vile tulivyoyaandika, na salamu zake, na viambatisho vyake. Kontena la vigae likaingia demareji, malipo ya kuchelewa, siku hiyo hiyo.

Mzee ndiye aliyewapigia wakubwa wao, maana mimi nilikuwa siwezi kusema maneno mazuri. Wakatuma mtu mwingine, dada wa makamo, mtaratibu. Na hapa ndipo ninapopata taabu na hukumu yangu. Swali lake la kwanza lilikuwa, "Dada, barua ya kwanza ambayo haikufika ni ipi, na ilikuwa yaenda kwa nani?" Hakuna aliyekuwa ameniuliza hivyo wiki nzima. Akavuta kiti, akaigeuza skrini upande wangu ili nione, akaandika neno moja: mailq. Orodha ikashuka, ikashuka, ikashuka. Barua 143 zimepanga foleni ndani ya mashine yetu, kila moja na anwani ya mteja ninayemjua kwa sauti.

Akafungua na kumbukumbu ya seva. Barua za ndani zilikuwa na alama ya sent. Hizo ndizo fundi wetu alizokuwa akizitazama akisema imeenda. Za nje zote zilikuwa na alama ya deferred, yaani zimeahirishwa, na maelezo yake kwamba seva yetu imebisha kwenye poti 25, mlango ambao seva hupitishiana barua, ya huko iendako, ikangoja, haikufunguliwa. Sababu ni jambo ambalo mafundi wa kazi hii wanalijua: kampuni nyingi za intaneti huifunga poti 25 kwa barua zinazotoka, ili kompyuta za wateja zilizoingiliwa na virusi zisimwage barua taka duniani. Kuingia ilikuwa wazi, kutoka imefungwa. Ukitaka ifunguliwe waomba, au wapitisha barua zako kwa seva nyingine kupitia poti 587 kwa jina na nenosiri.

Lakini kilichonipandisha damu ni hiki. Nilimuuliza kwa nini hatukuambiwa mapema. Akaniambia Postfix ikishindwa kwa sababu ya namna hiyo haikati tamaa, hujaribu tena na tena hadi siku tano, ndipo humrudishia mwenyewe barua yake. Na katika siku hizo tano haisemi kitu, isipokuwa ukiiagiza. Kuna mpangilio uitwao delay_warning_time. Usipouandika, huhesabiwa sifuri, na sifuri maana yake kimya. Akauandika mbele yangu: delay_warning_time = 4h. Mstari mmoja. Sasa barua ikikwama kwa muda wa saa nne, mtumaji hupata taarifa kwamba haijafika na bado inajaribiwa.

Mstari mmoja! Nikataka kuikasirikia Postfix yenyewe, kisha nikajizuia. Waliotengeneza programu hawakunificha, mambo hayo yameandikwa kwenye maelezo yake. Tena hiyo subira ya siku tano ina maana, kwa sababu seva ya mpokeaji yaweza kuwa imezimika mwisho wa wiki na ikarudi. Mwenye kujua hayo ni fundi. Ndiyo maana twamlipa.

Yule dada akapitisha barua kwa muda kwenye sanduku letu la zamani kupitia 587, akaiamuru foleni isukumwe, tukakaa bega kwa bega tukizitazama zikitoka. Sent. Sent. Sent. Machozi yalinilengalenga, sioni haya kusema. Siku ya pili kampuni ya intaneti ikafungua poti 25, naye akawashikilia mpaka wakaweka na rekodi ya PTR, ile inayoitambulisha kwa jina anwani yetu ya IP, yaani namba yetu kwenye intaneti. Hiyo huwezi kuiweka mwenyewe panapokaa rekodi za tovuti yako. Ni ya mwenye anwani, yaani wao. Halafu SPF na DKIM, za kuthibitisha kwamba barua inayodai kutoka kwetu imetoka kwetu kweli. Gmail, tangu Februari 2024, hudai PTR pamoja na moja kati ya hizo mbili hata kwa mtumaji mdogo. Kwa hiyo hata kama poti ingekuwa wazi tangu siku ya kwanza, barua zetu nyingi zingeishia kwenye taka au kukataliwa mlangoni. Fundi wetu hakuweka hata moja kati ya hizo. Na alichukua sahihi.

Basi nisemeje? Nilisema msiwaite. Seva yenyewe sasa inafanya kazi vizuri kuliko kitu chochote tulichowahi kukikodi. Juzi intaneti ilikatika tangu asubuhi hadi alasiri, na humu ndani tuliendelea kutumiana hati kana kwamba hakuna kilichotokea. Mzee anafurahi. Amewalipa mpaka salio, nami nilimwomba asiwalipe. Nikimfikiria yule dada, naona labda nilikaza mno. Mtu akiniahidi kwamba ni yeye atakayekuja, ningesema waiteni, tena mpikieni chai.

Lakini hawakuahidi mtu, wanamtuma waliyenaye. Na yule kijana bado yuko kwao, anaingia ofisi za watu, anainama juu ya mabega yao. Walitupigia simu kutuuliza kama tumeridhika na huduma. Nikauliza kama kijana wao ana neno la kuniambia. Mwenye simu akasema atamuuliza. Wiki zimepita. Kwa hiyo narudi pale pale: msiwaite. Na mkilazimika kuwaita, fundi asitoke mlangoni mpaka mumwone akituma barua kwa mtu wa nje, na mtu huyo awapigie simu aseme ameisoma. Mwambieni awaonyeshe foleni, ikiwa tupu. Mwambieni awaonyeshe ule mstari.

Mteja wa Kampala alirudi, lakini nusu. Makontena mawili yaliyofuata amempa wakala mwingine, moja ametupa sisi. Alhamisi iliyopita nilimwandikia habari za hilo moja saa tatu asubuhi. Saa saba na dakika chache ikaniingilia taarifa kutoka seva yetu: haijafika, inajaribiwa tena, seva ya upande wake haipatikani. Nikachukua simu nikampigia, nikamsomea barua yote neno kwa neno, naye akaandika.