I Am Legend: nimesoma kitabu, nimeona filamu zote tatu

Filamu ya Will Smith ya mwaka 2007 niliiona kwa mara ya kwanza kibanda umiza, tumebanana kwenye mabenchi, mtafsiri akipaza sauti ya Kiswahili juu ya maneno ya waigizaji. Niliipenda mno, na kwa miaka mingi niliamini kwamba hadithi hii naijua. Mwaka jana nikakikuta kitabu chenyewe, cha Richard Matheson, kilichotoka 1954, kwenye meza ya muuza vitabu vya mtumba. Ni chembamba, nilikimaliza kwa usiku mbili. Nilipofunga ukurasa wa mwisho nikaona hadithi niliyokuwa nayo kichwani ni nyingine kabisa, ndipo nikazitafuta na zile filamu mbili za zamani. Natoboa mwisho, kwa hiyo asiyetaka aishie hapa.

Robert Neville, mhusika mkuu, kitabuni si daktari kama kwenye filamu ya Will Smith. Ni mfanyakazi wa kawaida wa Los Angeles aliyebaki peke yake baada ya bakteria kuwageuza watu kuwa wanyonya damu. Usiku anajifungia ndani, mashada ya vitunguu saumu yamening'inia nje, santuri inalia, pombe iko mkononi. Na nje Ben Cortman, jirani aliyekuwa akipanda naye gari moja kwenda kazini, anamwita: "Toka nje, Neville!" Kila usiku. Kukikucha anawasha gari, anaingia nyumba hadi nyumba na kuwachoma vigingi vya mbao wakiwa wamelala.

Kuna sura ya mbwa ambayo sitaisahau. Neville anamwona mbwa mchana, mzima, na kwa siku nyingi anamtegea maziwa na nyama barazani, kila mara akisogea karibu kidogo zaidi. Anapompata hatimaye, mbwa anatetemeka ndani ya blanketi, naye anambembeleza kwa sauti ya chini hadi anamlamba mkono. Kisha Matheson anatuambia kwa sentensi moja fupi kwamba baada ya wiki mbwa alikufa. Sam, mbwa wa Will Smith kwenye filamu, alinitoa machozi, sikatai, lakini yule amekuwa naye tangu mwanzo. Wa kitabuni ni tumaini lililobembelezwa siku baada ya siku likaondoka.

The Last Man on Earth ya 1964, ya Vincent Price, ndiyo iliyoshika kitabu kwa karibu kuliko zote. Ni ya rangi nyeusi na nyeupe, imepigwa Roma, na zile sauti za usiku nje ya mlango zinatisha hadi leo. Matheson mwenyewe alishiriki kuiandika, ila hakuridhika nayo, akaweka jina la bandia. The Omega Man ya 1971 ndiyo iliyonichosha. Wanyonya damu wametolewa, badala yake kuna kikundi cha wagonjwa wenye majoho meusi, na Charlton Heston anafyatua bunduki. Mapenzi yake na Rosalind Cash, mwanamke mweusi, yalikuwa jambo la ujasiri kwa wakati ule, na hilo naipa haki yake.

Lakini uzito wote uko mwishoni mwa kitabu. Baadhi ya wagonjwa wamepata dawa ya kuutuliza ugonjwa, wameanza jamii mpya, na Neville amekuwa akiwaua na hao pia bila kujua, akiwemo mume wa Ruth, mwanamke aliyetumwa kumpeleleza. Bibi yangu alitutisha kwa mumiani: mtu anayekuja na gari, anachukua watu, anatoa damu. Neville anakuja na gari. Anaingia nyumbani mwako umelala. Damu ya wagonjwa anaichukua na kuiweka chini ya darubini. Jamii hiyo inamkamata, na anapochungulia dirisha la gereza na kuona umati mzima umenyamaza kwa hofu, anaelewa kwamba mumiani ni yeye. Nilikiweka kitabu chini, nikakaa.

Filamu ya 2007 iliyoonyeshwa majumba ya sinema inageuza hapo hapo: Neville anajilipua kwa bomu ili dawa aliyoipata isalimike, na jina la kitabu, yaani "Mimi ni hekaya", linakuwa sifa ya shujaa. Kumbe walipiga na mwisho mwingine, uliotoka baadaye kwenye DVD. Kiongozi wa wagonjwa anachora kipepeo kwenye kioo, na Neville anatambua kwamba amekuja kumfuata mwenzake, yule mwanamke mwenye chale ya kipepeo ambaye Neville alimfunga maabara ili amjaribie dawa. Anamrudisha, anaomba msamaha. Kisha anageuka kutazama ukuta wa picha za wote waliomfia kwenye majaribio yake, na kwa mara ya kwanza anaziona ni sura za watu.

Ukiitafuta, tafuta yenye mwisho huo. Ila kitabu kitangulie.