Mchanga wa ziwani au plastiki ya rangi?

Jamani wazazi wenye watoto wa disleksia, ile shida ya kujifunza kusoma, mi nimejaribu vyote viwili hapa Ujiji. Plastiki ya rangi, ile unaweka juu ya ukurasa eti herufi zitulie, dogo aliipenda siku mbili tatu ikawa ya kuchezea. Na kiukweli disleksia kwa kawaida sio macho, ni ubongo unapata shida kuunganisha sauti na herufi, sasa rangi itasaidia nini hapo?

Mchanga ndo habari nyingine. Nachota beseni moja pale ufukweni Tanganyika, bure kabisa, anachora "ba" kwa kidole huku anaitamka kwa nguvu, halafu be, bi, bo, bu, dakika kumi basi, akichoka tunaacha. Hii ya mkono, sikio na jicho kwa pamoja ilikuzwa Marekani miaka ya 1930 na daktari Orton na mwalimu Gillingham, na Kiswahili chetu kinatubeba maana herufi hazibadilishi sauti hovyo kama Kiingereza. b na d bado anazichanganya, ila juzi sokoni kasoma "dagaa" kwenye boksi mwenyewe, mama yake nusura aangushe kapu. Ile plastiki tumefunikia daftari.