Kontrola ya Kwanza kwa DJ wa Singeli: Ipi Ununue, Kuanzia Bora Hadi ya Kuepuka

Singeli inayotoka Manzese, Tandale na Mburahati jijini Dar es Salaam hupigwa kwa kasi ya mapigo 200 hadi 300 kwa dakika, na kasi hiyo ndiyo inayopaswa kumwongoza kijana anayetafuta kontrola yake ya kwanza, yaani ubao wa vitufe na magurudumu unaoiongoza programu ya DJ kwenye kompyuta. Miongozo mingi ya vifaa vya DJ imeandikwa kwa ajili ya hausi na tekno, ambazo kwa kawaida huchezea kati ya mapigo 120 na 140, kwa hiyo ushauri wake hautufai moja kwa moja. Katika mapigo 120 kwa dakika, pigo moja huchukua nusu sekunde, yaani milisekunde 500. Katika mapigo 220, pigo hilohilo huchukua takribani milisekunde 273 tu. Ukibonyeza kitufe na sauti ikachelewa kwa milisekunde 30, mpiga hausi ataweza kuvumilia, lakini kwetu hiyo ni zaidi ya sehemu ya kumi ya pigo, na wimbo unaouingiza utatua nje ya ngoma mbele ya umati uliosimama tangu saa tano usiku.

Ndiyo maana nimevipanga vifaa hivi kwa kuangalia mambo matatu, nami ninayaweka mbele ya taa, idadi ya pedi na madoido yanayosifiwa kwenye maboksi.

La kwanza ni kadi ya sauti iliyomo ndani ya kontrola. Kontrola za aina hii hazihifadhi muziki wala hazichanganyi nyimbo zenyewe. Kazi hiyo hufanywa na programu iliyo kwenye kompyuta. Kadi ya sauti ndiyo inayoitoa sauti kwa njia mbili, moja ikienda kwenye spika na nyingine kwenye hedifoni, ili uusikie wimbo unaofuata na kuuweka sawa kabla watu hawajausikia. La pili ni slaida ya kasi, kitelezo kinachoongeza au kupunguza mwendo wa wimbo, na hapa urefu una maana kubwa. Chukua slaida ya milimita 60 iliyowekwa kwenye asilimia 10 juu na 10 chini: kila milimita moja ya kidole chako hubadilisha kasi kwa theluthi moja ya asilimia, ambayo kwa wimbo wa mapigo 220 ni karibu robo tatu ya pigo kwa dakika. Slaida ya milimita 100, kwa mpangilio uleule, hubadilisha chini ya nusu ya pigo. Anayelinganisha nyimbo kwa sikio ataihisi tofauti hiyo usiku wa kwanza. La tatu ni kipaza sauti. Singeli bila MC ni nusu ya singeli, na kama kontrola haiwezi kuirekodi sauti ya MC pamoja na muziki, miksi utakayowatumia wenzako kwa WhatsApp au kuipandisha kwenye tovuti ya miksi ya Mixcloud haitafanana na kilichotokea uwanjani.

Nafasi ya kwanza ninaipa Pioneer DJ DDJ-FLX4, iliyotangazwa mwishoni mwa mwaka 2022 kwa bei ya takribani dola 300. Inafanya kazi na programu za DJ za rekordbox na pia Serato DJ Lite bila kukulipisha leseni, inachukua umeme kutoka kwenye kompyuta kwa waya wa USB-C, na sauti ya kipaza sauti chake inaweza kupitishwa hadi kwenye kompyuta na kurekodiwa. Sifa hiyo ya mwisho peke yake ingenitosha kuitanguliza. Kuna sababu nyingine inayohusu safari ya mbele: kumbi nyingi za klabu na majukwaa makubwa hutumia vichezeshi vya CDJ vya kampuni hiyohiyo, vinavyocheza nyimbo bila kompyuta, na nyimbo ulizozipanga katika rekordbox huhamishiwa kwenye flashi na kusomwa huko zikiwa na alama zako zote. Tangu tamasha la Nyege Nyege lilipoanza nchini Uganda mwaka 2015, na hasa baada ya lebo ya Nyege Nyege Tapes kutoa mkusanyiko wa studio ya Sisso ya Mburahati mwaka 2017, si ndoto tena kwa kijana wa uswahilini kuitwa apige mbali na nyumbani. Akiitwa, ni vyema awe tayari ameshazoea mfumo atakaoukuta mezani.

Kuna jambo moja la kurekebisha mapema. Programu nyingi, zikikagua wimbo wa mapigo 220, huandika 110. Ukiuacha hivyo, kitanzi (kipande kinachojirudia) unachodhani ni cha mapigo manne kitakuwa cha manane, na wimbo uliosomwa kwa nusu hautaelewana vizuri na ule uliosomwa kwa ukamilifu. Fungua sehemu ya kurekebisha gridi ya mapigo, yaani mistari inayoonyesha kila pigo lilipo, zidisha mara mbili, kisha rudia kwa kila wimbo kabla ya siku ya kazi. Kasoro ya FLX4 ni kwamba hutoa sauti kwa soketi za RCA tu, zile ndogo za nyekundu na nyeupe, wakati mixer nyingi za kukodi hapa kwetu hupokea jeki kubwa au XLR ya pini tatu. Nunua waya wa RCA kwenda jeki kubwa siku hiyohiyo unayonunua kontrola, na ununue miwili.

Nafasi ya pili ni ya Numark Mixtrack Pro FX. Slaida zake za kasi ni ndefu kuliko za washindani wake wa bei hiyo, na magurudumu yake ya kuusogezea wimbo yana upana wa inchi 6, kwa hiyo mkono unapata nafasi ya kusukuma wimbo kidogokidogo bila kuurusha. Kwa kupiga kwa mkono na sikio, bila kutegemea kitufe cha kulinganisha kasi, mimi ningeichagua hii kabla ya FLX4. Ninaiweka ya pili kwa sababu huja na Serato DJ Lite, programu nzuri ambayo hata hivyo haikuandalii flashi ya CDJ kama rekordbox, na toleo lake kamili ni la kulipia.

Nafasi ya tatu si ya kontrola kabisa, na ninaomba msomaji asiipite haraka. Baadhi ya watayarishaji wa singeli wamepiga mbele ya umati, hapa na Ulaya, kwa kompyuta na programu ya Virtual DJ tu, vidole vikikimbia juu ya kibodi. Huo ni mtindo kamili wenye ufundi wake, na mtu asidhani ni hatua ya umaskini ya kuvuka upesi. Kama una kompyuta lakini fedha za kontrola bado hazijatimia, nunua kwanza kadi ya sauti ya USB yenye njia nne za kutoa sauti, yaani jozi mbili, moja ya spika na moja ya hedifoni. Kadi yenye jozi moja, hata iwe ya bei kubwa kiasi gani, haitakupa usikilizaji wa awali. Virtual DJ hutumika bure nyumbani bila kontrola, ingawa kazi ya malipo inahitaji leseni. Mixxx ni ya bure kabisa, inarekodi, na inakwenda hata kwenye Linux, jambo linalosaidia kompyuta zilizozeeka.

Nafasi ya nne ni Pioneer DJ DDJ-400 iliyotumika. Ni mtangulizi wa FLX4, ya mwaka 2018, na bado zinapatikana mikononi mwa watu kwa bei nzuri. Nimeishusha kwa sababu sauti ya kipaza sauti chake huenda moja kwa moja kwenye spika bila kupita kwenye kompyuta, kwa hiyo rekodi utakayoifanya ndani ya rekordbox haitakuwa na MC. Kwa anayepiga peke yake, kasoro hiyo haina uzito.

Hercules DJControl Inpulse 300 inafuata. Ina taa zinazomwelekeza anayejifunza asogeze slaida upande gani, na huja na programu ya DJUCED bila malipo. Ni mwalimu mzuri wa miezi ya mwanzo, ila haina soketi ya kipaza sauti. Ya mwisho ninayoweza kuipendekeza ni Numark DJ2GO2 Touch, ndogo kiasi cha kuingia kwenye mkoba, lakini haina vifundo vya kupunguza besi na treble kwa kila wimbo, na besi mbili za singeli zikikutana kwenye spika moja hakuna atakayesikia kitu.

Usinunue Pioneer DJ DDJ-200, hata ukiikuta kwa bei ya kutupa. Haina njia yoyote ya kutoa sauti; utalazimika kutumia waya wa kugawanya unaokupa upande mmoja tu wa sauti kwenye spika na mwingine kwenye hedifoni. Vilevile usitegemee spika ya Bluetooth kwa mazoezi. Ucheleweshaji wake mara nyingi hupita milisekunde 100, na kwa kasi yetu hiyo ni zaidi ya theluthi moja ya pigo. Mkono wako utajifunza makosa.

Kwa anayenunua kifaa kilichotumika, iwe Kariakoo au Luthuli Avenue kule Nairobi, nenda na kompyuta yako, waya wako na hedifoni zako, na usikubali kujaribu kwa maneno. Mimi niliwahi kununua kontrola jioni, muuzaji akiwa anafunga, nikaridhika kwa kuona taa zimewaka. Nilipofika nyumbani nikasogeza slaida ya kushoto polepole, namba ikaruka kutoka 218 hadi 223 bila kupita katikati, na kila nilipoirudisha iliruka pahali palepale. Tangu hapo huwa ninasogeza kila slaida kutoka mwanzo hadi mwisho kwa mwendo wa konokono, macho yakiwa kwenye namba za kompyuta. Ninazungusha kila kifundo huku muziki ukicheza ili nisikie kama kuna mkwaruzo. Ninabonyeza kila pedi mara tatu, kwanza kwa wepesi. Mwisho ninautikisa waya wa USB pale unapoingia, kwa kuwa soketi iliyolegea hukata sauti yote katikati ya wimbo.

Ukishaileta nyumbani, ifunike. Vumbi la uswahilini na hewa ya chumvi ya pwani huingia kwenye slaida kabla ya kuingia kwingine kokote, na kitambaa safi cha khanga kinatosha. Na ukifika kwenye kazi ukasikia spika zinavuma mara tu unapochomeka chaja ya kompyuta, tatizo mara nyingi liko kwenye umeme usio na waya wa ardhi, wala si kwenye kontrola: chomoa chaja, upige kwa betri, kisha uchaji wakati MC anapumzika. Kwa hiyo kabla ya kutoka nyumbani hakikisha betri imejaa, na uipime siku moja kabla kwa kupiga miksi ya saa nzima ukiwa umechomoa chaja.