Tahadhari: "bomba la hewa baridi" linalodaiwa kupunguza unywaji wa mafuta

Wadau wenye magari, naandika hili nikiwa nimeshaliwa, kwa hiyo msinihesabu miongoni mwa wajuaji. Kuna muuzaji anazunguka mitandaoni na video za kuvutia. Boneti iko wazi, ndani linang'aa bomba la alumini la kupitishia hewa inayoingia kwenye injini, lenye chujio jekundu mithili ya pia, naye anaapa kwamba gari litaongeza nguvu za farasi 25 na kupunguza unywaji wa mafuta kwa asilimia 20. Nikanunua, nikafunga, nikatembea nalo miezi miwili. Hakuna hata moja lililotimia, na juu yake nikapewa zawadi ya taa ya injini isiyozimika.

Kinachonasa watu ni kwamba maneno "hewa baridi" yana ukweli ndani yake. Hewa ikipoa hushikamana, ujazo uleule ukabeba oksijeni nyingi zaidi, na injini ikaweza kuchoma mafuta mengi zaidi na kutoa nguvu zaidi. Hilo sina ubishi nalo. Asichokwambia ni kwamba gari lako tayari linavuta hewa ya nje. Fungua boneti, ufuate mdomo wa lile boksi jeusi la plastiki linaloweka chujio. Kwenye magari mengi utaukuta umeishia mbele, juu ya rejeta au nyuma ya taa, au umeingia ndani ya madigadi. Waliolitengeneza walishalifikiria hilo zamani.

Nilichouziwa mimi, ukikitazama bila mahaba, ni bomba fupi na chujio lisilo na boksi, limekaa uchi pembeni ya injini. Linavuta hewa ambayo rejeta na injini zimekwisha kuipasha moto! Nilikuja kuchomeka kisomaji, kile kidogo kinachoongea na simu, kwenye soketi ya OBD-II, ile ya kusomea taarifa za kompyuta ya gari, nikafungua kipimo cha joto la hewa inayoingia. Kwa boksi la kiwandani, gari likiwa kwenye mwendo, hewa ilizidi ya nje kwa nyuzi 5 hivi. Kwa bomba la "hewa baridi", nikiwa kwenye foleni, nilisoma nyuzi 61 wakati nje ni 30. Kutoka nyuzi 30 hadi 60 hewa inapoteza karibu asilimia 9 ya uzito wake kwa ujazo uleule. Nimelipia hewa ya moto kwa jina la baridi.

Lakini uongo mzito uko kwenye mafuta. Injini ya petroli ya injekta inaongozwa na kompyuta. Inapima hewa inayoingia, inasoma oksijeni iliyobaki kwenye moshi, kisha inapanga mafuta ili uwiano ukae karibu na gramu 14.7 za hewa kwa gramu 1 ya petroli. Hewa ikiongezeka, kompyuta inaongeza na mafuta. Isitoshe, ukitembea mwendo wa kawaida, kinachozuia hewa wala si chujio, ni kile kipepeo kwenye koo la injini unachokifungua kwa mguu wako. Umegusa pedali kidogo, kipepeo kimefunguka kidogo. Kuweka chujio jepesi mbele yake ni kama kupanua geti la ua huku mlango wa nyumba umerudishiwa.

Maabara ya Oak Ridge ya Marekani ilishalipima jambo hili mwaka 2009. Walichukua magari ya kisasa ya petroli, wakaziba vichujio makusudi, wakaona unywaji wa mafuta haukubadilika kwa kiasi cha maana. Kilichopungua ni uchukuaji wa mwendo pale unapokanyaga hadi mwisho. Sasa kama chujio kilichoziba hakikuongeza unywaji, hiki cha kung'aa kitapunguza nini?

Na kuna kichekesho. Kwa mwendo wa taratibu, ni hewa ya moto ndiyo inayoweza kusaidia matumizi kidogo, kwa sababu kipepeo hulazimika kufunguka zaidi ili ipatikane oksijeni ileile, na injini haihangaiki sana kunyonya. Msije mkasema basi bomba langu liliniokolea kitu. Tofauti yenyewe ni ndogo mno kuiona kwenye tangi. Nilijaza pomoni, pampu ileile, tangi nne kabla na tangi nne baada: kilomita 13.1 kwa lita, kisha 12.8. Sidai kwamba bomba ndilo lililoshusha. Nadhani ni mimi, nilikuwa nakanyaga ili nisikie mlio.

Mlio! Hapo ndipo wengi tunapoliwa. Boksi la kiwandani lina vyumba vya kumeza kelele za uvutaji. Ukiling'oa, injini inaunguruma kila ukigusa pedali, na mwili unaamini gari limeamka. Wiki ya kwanza nilikuwa namsimulia kila mtu, na nina aibu kwamba wawili waliagiza kwa maneno yangu.

Video zake nazo nimezirudia kwa utulivu. Kwenye moja anaonyesha wastani wa matumizi kwenye dashibodi, lakini ameufuta na kuuanza upya akiwa anateremka mlima. Mlimani kwenda chini hata lori linaonekana halinywi. Kwenye nyingine gari linapimwa nguvu kwenye roli, ile mashine ambayo matairi huzungukia palepale: kipimo cha kwanza boneti imefungwa, cha pili imefunguliwa na feni kubwa inapuliza. Tofauti ya farasi wachache hapo ni ya feni.

Huyuhuyu anauza na "turbo ya umeme", kifeni cha kuchomeka kwenye bomba, eti kiisukumie injini hewa zaidi. Piga hesabu mwenyewe. Injini ya lita 1.5 huvuta ujazo wake wote mara moja kwa kila mizunguko miwili, kwa hiyo kwenye mizunguko 6,000 kwa dakika inahitaji hadi lita 4,500 za hewa kila dakika. Kifeni cha ukubwa wa kiganja hakiwezi kusukuma kiasi hicho, kitabaki kuwa kizuizi. Ana pia kile kiplagi cha kuchomeka kwenye soketi ya OBD, kinachowaka taa za kijani na kudaiwa kuokoa mafuta. Shirika la mazingira la Marekani, EPA, limepima zaidi ya vifaa 100 vya kudaiwa kuokoa mafuta, na vilivyosaidia hata kidogo ni vichache sana.

Madhara sasa. Chujio langu lilikuwa la pamba iliyopakwa oili, na oili ilikuwa imezidishwa. Ikaenda kuganda kwenye waya wa sensa inayopima hewa. Kompyuta ikapimiwa uongo, ikatoa namba ya hitilafu P0171, yaani mchanganyiko una mafuta pungufu, na injini ikawa inatetema kwenye sailensa, yaani ikiwa inawaka bila kukanyagwa. Fundi alipofungua bomba alipitisha kidole ndani kikatoka na vumbi. Vumbi hilo likishapita chujio linakwenda kusaga silinda na ringi. Wanaouziwa lile bomba refu linaloshuka hadi nyuma ya bampa wana hatari nyingine: ukipita dimbwi, linanyonya maji, na maji hayabanwi ndani ya silinda. Konrodi, ile fimbo inayobeba pistoni, ndiyo inayopinda.

Nisiwe mchoyo wa haki. Zipo seti za kweli, zenye boksi lililofungwa na mdomo unaotoka nje kabisa ya chumba cha injini. Kwenye injini isiyo na turbo zinaweza kuongeza farasi wachache, mizunguko ikiwa juu na mguu umegandamiza. Kwenye injini iliyofanyiwa mabadiliko mengine na kompyuta ikapangwa upya, zaidi ya hapo. Anayeziuza kwa ajili ya kuokoa mafuta ndiye wa kumkimbia.

Ukikutana naye, mwombe jambo moja: asomeshe joto la hewa inayoingia, kabla na baada, boneti imefungwa, gari likiwa njiani. Mimi nilipomwomba alinijibu kwa emoji ya kucheka, kesho yake akanifungia.

Kwa waliokwisha kufunga, ng'oeni chujio mkague ndani ya bomba, sensa isafishwe kwa dawa yake maalumu ya kupuliza, si kwa kitambaa wala petroli, halafu mrudishe boksi la zamani. Kama bado mnalo. Mwenzangu mmoja aliambiwa na huyu muuzaji "niachie hilo plastiki nikutupie", akaliacha. Wiki mbili baadaye akaliona kwenye ukurasa wake mwingine, linauzwa kama spea ya mtumba, na ule ufa pembeni alioufahamu.