RTTOV-SCATT: naipendekeza kwa yeyote anayetabiri mvua ya Ziwa Viktoria

Kazi yangu ni modeli za hali ya hewa, na niko Mwanza. Dhoruba zinazonikosesha usingizi ni zile zinazozuka ziwani usiku, upepo wa nchi kavu unapokutana juu ya maji, wakati wavuvi wa dagaa wako huko na taa zao. Vipimamvua viko pwani na visiwani. Juu ya maji matupu natazama GPM, setilaiti ya kupima mvua iliyorushwa Februari 2014.

Ila kihisi chake cha GMI hakisomi milimita za mvua. Kinapokea mnururisho wa maikrowevu kwa mikondo 13, kuanzia gigahezi 10.65 hadi 183, na kutupa joto la mng'ao, yaani nguvu ya mnururisho huo ikielezwa kama joto, kwa Kelvini. Programu ya RTTOV-SCATT ndiyo inayounganisha modeli na setilaiti: unaipa joto, unyevu, maji ya mawingu, barafu, mvua na theluji kutoka kwenye modeli yako, nayo inakokotoa kile ambacho GMI ingekiona. ECMWF, kituo cha Ulaya cha utabiri wa hali ya hewa kilichoko Reading, Uingereza, inaingiza vipimo vya namna hii kwenye utabiri wake, mawingu na mvua vikiwemo, tangu 2009.

Ninachokipenda zaidi ni jinsi inavyokuonyesha modeli imekosea wapi. Kwenye gigahezi 18.7 ziwa linaonekana baridi, chini sana ya joto halisi la maji, na mvua ikija mng'ao unapanda. Kwenye 166 mambo yanageuka: barafu iliyo juu ya dhoruba inatawanya mnururisho na mng'ao unaporomoka. Modeli ikipatia mkondo wa kwanza na kukosa wa pili, najua mvua ipo ila barafu si sahihi. Tena programu inaweza kurudi nyuma, ikageuza tofauti hiyo kuwa marekebisho ya unyevu na mawingu. Bila hilo, vipimo hivi visingeweza kuingia kwenye utabiri kwa njia inayotumiwa na ECMWF.

Toleo la 13, la 2020, liliongeza chembe za barafu zenye maumbo yanayokaribia ya kweli. Hatua hiyo ni kubwa kuliko inavyosikika. Theluji ikichukuliwa kuwa vitufe, mtawanyiko unakuwa mdogo mno kwenye mikondo ya gigahezi za juu. Hata hivyo umbo moja la theluji linatumika dunia nzima, na kila safu wima ya hewa inakokotolewa peke yake, kwa hiyo dhoruba iliyoinama haitendewi haki. Juu ya nchi kavu usitarajie mengi kutoka mikondo ya gigahezi za chini, kwa sababu ardhi yenyewe inang'aa karibu sawa na mvua.

Ni ya bure, unajisajili tu kwa NWP SAF, mradi wa Ulaya unaotoa programu za data za setilaiti. Imeandikwa kwa lugha ya kompyuta ya Fortran, na faili za vihisi na za chembe hupakuliwa kando. Hesabu zake ni nyepesi, kompyuta mpakato inatosha kwa dhoruba moja. Mwanafunzi anayeanza achukue 18.7 na 166 juu ya ziwa, azielewe hizo mbili kwanza, ndipo aende Serengeti.