Neo4j Community: kusoma raha, kuandika ikabidi nijifunze kwanza

Mwaka wa 4 huu natumia Neo4j, hifadhidata inayotunza vitu (nodi) na miunganiko kati yao, ile Community ya bure, toleo 3.5 (msinicheke, tutahama), kwa mfumo wetu wa spea za magari, yaani spea ipi inaingia gari gani. Kwa kusoma sina la kusema, ukiuliza bampa ya IST jibu limeshafika. Balaa lilikuwa kuandika. Mwanzo faili la spea 10,000 lilikuwa linaingia fasta, tulipofika laki 6 faili la ukubwa uleule linakesha, na mimi nikailaumu seva, nikaongeza RAM, hela ikaenda na hamna kilichobadilika.

Kumbe mchawi mimi mwenyewe. Nikaweka PROFILE (inaonyesha kazi inavyofanyika hatua kwa hatua) mbele ya kweri, naona NodeByLabelScan, yaani inapitia nodi zote za aina hiyo, db hits (mara inazogusa data) laki 6 na kitu kwa hatua hiyo peke yake, tena kwa spea moja! Kumbe kila MERGE (amri ya kutafuta kitu, kisipokuwepo ikiunde) ilikuwa inapekua spea zote kuangalia kama namba ipo, ndo maana data ikinenepa yenyewe inazidi kuburuza miguu. Nikaweka konstrenti ya upekee kwenye namba ya spea, inakuja na indeksi yake humohumo, PROFILE ikageuka NodeUniqueIndexSeek, yaani inaenda moja kwa moja kwa indeksi, na db hits za kuhesabu kwa vidole. Sikuamini, nikarudia mara mbili.

Halafu nilikuwa nakomiti (nathibitisha uandishi) mstari mmojammoja, na kila komiti inasubiri diski, sawa na kupeleka nyanya sokoni mojamoja kwa daladala. Sasa nafungasha mistari 10,000 kwa UNWIND (amri ya kupitia orodha nzima kwa kweri moja), ila usijaze kupita kiasi maana transaksheni nzima, yaani furushi lote la komiti moja, inakaa kwenye memori.

Iliyonitesa zaidi ni nodi ya Toyota. Kila spea tuliiunga hapo, na kwenye 3.5 ukiunganisha nodi mbili zote zinafungwa kwanza zisiandikwe na mwingine, kwa hiyo nyuzi 8 (kazi zinazoandika sambamba) zinapanga foleni mlango mmoja (kuanzia toleo 4.3 wamelegeza kwa nodi nene, zenye miunganiko mingi, kama hizo). Tukakata, spea ikaungwa na modeli, modeli ndo inaungwa na Toyota, foleni ikaisha.

Natoa nyota 4. Ya tano imeliwa na bekapu, Community lazima uizime ndo udampi (utoe nakala ya data). Sisi tunadampi saa 9 usiku, na kuna mteja wa Mwanza sijui halali, kila siku muda huohuo anapiga kuuliza mbona haifunguki.